Bolti ya Tano

Ilisema tak.
Si mlio mkubwa. Kijiti cha kibiriti kinapovunjika
mfukoni mwa mtu aliyekalia koti lake, ndivyo.
Spana ikawa nyepesi mkononi, nyepesi kama uongo,
nikajua kabla ya kutazama.

Methali zote za haraka nilizijua.
Mkono wangu haukwenda shule.

Ni Land Rover ya Mama Kapya, ya mwaka sabini na nne.
Imekwenda Kasenga na kurudi kabla sijazaliwa,
imebeba samaki wa Luapula, mapande ya barafu,
wanawake watatu mbele, na jogoo.
Bolti nne za ekzosi zilitoka zikinung'unika.
Ya tano ilikatika shingo, ikabaki ndani ya chuma
kama jino la mwisho la bibi
linalokataa kuwafuata wenzake.

Fundi Musonda hakunitukana.
Hilo ndilo lililoniuma.
Alichutama, akaipapasa kwa ukucha, akasema:
"Febroni, hii haijafa. Imelala na kutu miaka mingi,
nawe umeivuta shuka bila kubisha hodi."

Mji huu wote unaishi kwa kuchimbua.
Shaba, kobalti, mawe ya kijani yanayopasua magunia;
hata kilima cheusi kule ni makapi ya kilichochimbuliwa.
Lakini shaba hutoka kwa baruti.
Bolti ya tano haitaki baruti.

Basi tukaisugua. Tukaidondoshea dizeli na mafuta ya breki.
Tukaigonga, taratibu,
kama mtu anayemgongea mdaiwa wake
naye anajua deni lenyewe ni dogo.
Tukapanga nati juu yake tuilehemu.
Mashine ikanguruma mara moja,
na umeme ukaondoka Katuba nzima.
Mtaa ukasema "aaa!" kwa pumzi moja.

Mama Kapya, amekalia beseni lililopinduliwa:
"Barafu yangu haijui habari za umeme wenu."

Ndipo Fundi akafungua sanduku la vyuma,
chini ya tupa, chini ya vitambaa vya grisi,
akatoa mshumaa nusu.
Niliujua. Ulibaki kwenye matanga ya mkewe, Odilia;
usiku ule niliushika mimi, nta ikaniunguza kidole,
sikulia kwa sababu ya kidole.

Nilidhani atauwasha tuone.
Hakuuwasha.
Aliipiga bolti moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu
kama barabara zetu za Oktoba kabla ya mvua,
kisha akaugusisha mshumaa.
Nta ikayeyuka, ikazunguka ukingo, ikapotea.
Ikaenda kule ambako mafuta yalikataa kwenda,
hesi baada ya hesi, gizani.
Ulitoka moshi mwembamba. Ulinukia kanisa.

Hakusema lolote. Nami sikumuuliza.

"Tindo," akasema baadaye. "Ukingoni. Nyundo ndogo. Kushoto."
Nikagonga.
"Rudisha."
Nikarudisha.
Kushoto, rudisha, kushoto. Jasho likaingia jichoni,
nikaliacha.
Halafu ikasogea. Unywele mmoja.
Hakuna aliyeona ila kidole changu.
Unywele mwingine. Robo. Nusu.
Mwisho nikaitoa kwa vidole viwili,
bado ina joto, fupi kuliko nilivyoiogopa,
upande mmoja imeliwa,
upande mwingine hesi zake zinang'aa kama za dukani.

Umeme ukarudi. Mtaa ukapiga kelele.
Mashine ya kulehemu ikanguruma peke yake,
bila kazi, mpaka mtoto mmoja akaizima.

Mshumaa ulibaki urefu wa kifundo cha kidole.
Fundi aliufunga kwenye kitambaa,
akaurudisha chini ya tupa, mahali palepale.

"Shilingi ngapi?" akauliza Mama Kapya,
yeye bado huhesabu kwa pesa zilizokufa.
"Bado," akasema Fundi. "Kuna ya sita."
Akanipa spana ileile.

Nikaipulizia vumbi bolti ya sita,
nikaweka kidole juu yake.
Hodi.